Huyo fisi anataka nini?

Likizo ndefu huwa na siku yake ya tatu. Siku ya kwanza watoto wanalala mpaka saa nne asubuhi. Siku ya pili wanaangalia katuni. Siku ya tatu umeme unakatika, simu ya mama inabaki na chaji ya kupokea simu muhimu tu, na watu wanne wa umri tofauti wanaanza kugombea kiti kimoja. Mchezo wa hadithi hupata nafasi yake hapo.

Kuueleza si kazi. Mtu mmoja anakuwa mwongozaji. Yeye ndiye anayejua nchi ilivyo, njia inapita wapi na nani kajificha nyuma ya mbuyu. Wengine kila mmoja ana mhusika wake: mwindaji, mganga, mpiga ngoma, nahodha. Mwongozaji anaeleza wanachokiona, wao wanasema wanafanya nini, na pale ambapo hakuna ajuaye kama jambo litafanikiwa, dadu zinarushwa. Kwa jina la Dungeons & Dragons, mchezo wa aina hii ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974. Waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson, watu waliokuwa wakicheza vita vya vinyago mezani, wakaona kuna raha zaidi mchezaji akiwa mtu mmoja badala ya jeshi zima.

Babu wa Kizaramo asingeshangaa sana. Anayesema "Paukwa" akajibiwa "Pakawa" yuko nusu ya safari tayari. Tofauti ni kwamba hapa sungura anaruhusiwa kumkatiza msimulizi na kusema, "Mimi humo shimoni siingii."

Ugumu huanza kwenye mapigano. Mzazi anayeongoza kwa mara ya kwanza huleta fisi watatu. Watoto wanapiga kelele za furaha. Nampiga! Umekosa. Nampiga! Umempata. Fisi anakung'ata, toa harage moja. Baada ya dakika ishirini fisi wamekufa. Kesho yake wanakuja fisi wanne, keshokutwa simba, na wote wanapigana kwa mtindo uleule: wanasimama mbele, wanapigwa, wanaanguka. Siku ya nne mtoto mdogo amelala kwenye mkeka na mkubwa anauliza umeme unarudi lini.

Nyumba moja ya Kibaha, si mbali na Maili Moja, iliufikisha mchezo hapo ndani ya wiki moja. Baba ndiye aliyekuwa akiongoza. Wachezaji walikuwa wanne: kijana wa kidato cha kwanza, binti wa darasa la nne, mdogo wao wa darasa la kwanza, na binti wa darasa la sita kutoka Kisarawe, mtoto wa dada yake mama, aliyehamia kwao miezi miwili nyuma. Maharage ndiyo yalikuwa uhai, vizibo vya soda ndiyo maadui, na ramani ilichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya saruji.

Kijana alijipa upanga mkubwa, na kila pambano lilimalizwa na upanga huo. Mdogo aliishiwa maharage mapema, akaambiwa akae pembeni mpaka vita viishe, akalia. Binti wa Kisarawe, kila zamu yake ilipofika, alisema maneno matatu tu: "Na mimi nampiga." Mama, aliyekuwa akichambua mchele pale karibu, ndiye aliyelitia jambo kidole. Alimwuliza mumewe, "Hao fisi kwani wanataka nini?"

Kwa anayeandaa mapambano, hakuna swali lenye kazi kubwa kuliko hilo. Pambano ambalo swali lake pekee ni nani ataisha kwanza huwa na jibu moja, nalo ni mwenye upanga mrefu. Lakini fisi mwenye njaa anataka nyama. Mrushie paja la mbuzi, atakuacha, ila sasa msafara hauna chakula cha kesho. Fisi jike mwenye watoto shimoni hataki nyama yako wala maisha yako. Anataka uondoke mlangoni kwake, na kama njia pekee inapita mlangoni kwake, mtu itabidi afikiri. Fisi aliyetumwa na mchawi anataka mkoba wa mganga na atampita mwenye upanga bila hata kumtazama. Vizibo ni vilevile vitatu, lakini mapambano ni matatu tofauti, na katika mawili kati ya hayo upanga haufai kitu.

Hadithi za pwani zilijua jambo hili zamani. Fumo Liyongo ni shujaa wa nguvu za ajabu, lakini tukio lake linalokumbukwa kuliko yote si la kupiga mtu. Amefungwa minyororo kwa amri ya mtawala wa Pate. Anaomba ipigwe ngoma, anawatungia watu nyimbo, na tupa imefichwa ndani ya mkate wa wishwa anaoletewa na kijakazi. Ngoma inapopamba moto anakata chuma, na mlio wa tupa unamezwa na mlio wa ngoma. Kwa macho ya mwongozaji wa mchezo, hilo ni pambano kamili. Lina adui, lina hatari, lina saa inayokwenda (ngoma ikinyamaza kabla chuma hakijakatika, kwisha), na kila mtu ana kazi: mwenye mkate, mpiga ngoma, mwimbaji, mkataji. Mtoto wa darasa la kwanza anayepiga ndoo kwa mwiko anakuwa ameshika maisha ya kaka yake mkononi.

Baba wa Kibaha alilichukua swali la mkewe, akaliandalia pambano. Mahali palikuwa vilima vya Pugu, kwenye msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ambao sasa ni hifadhi ya mazingira asilia. Wasafiri walitaka kufika kwenye mapango, yale yaliyochimbwa kwa ajili ya udongo mweupe wa kaolini na ambayo popo wameyafanya makazi. Njiani aliweka wachoma mkaa watano wenye mapanga. Aliona ametimiza sharti: hawa wanataka kulinda mkaa wao, basi watapigana. Kijana alikwisha kushika dadu.

"Baba mdogo, samahani," binti wa Kisarawe alisema. "Hilo tanuri wameshaliwasha?"

Baba hakuwa amefikiria. Akasema ndiyo, limewashwa.

"Basi hawawezi kuja kupigana. Tanuri haliachwi. Likipasuka hewa ikaingia, mkaa wote unakuwa majivu." Akanyamaza kidogo. "Marehemu baba alikuwa anakaa nalo usiku kucha. Hakuwa anapiga watu. Alikuwa anaogopa watu wa misitu, na mvua."

Hapo mzazi anaweza kuharibu kwa njia mbili. Anaweza kufunga mchezo kwa pole ndefu mbele ya wote, mtoto akajuta kusema. Au anaweza kutoa somo la ukataji miti. Baba yule alimeza mate, kisha akamwuliza lile ambalo mwongozaji huuliza kila mtu: "Basi wewe unafanyaje?"

Mhusika wake akaweka upinde chini, akawaamkia wachoma mkaa, akawaambia kwamba wingu linakuja na wao wasafiri wana mikono minane. Wakisaidia kulinda tanuri mpaka mvua ipite, waonyeshwe njia ya pangoni. Dadu zikatoa 8, ambayo katika nyumba ile maana yake ni "unapata, lakini unalipa". Wachoma mkaa walikubali, na malipo yalikuwa kwamba ufa wa kwanza ulikwisha kufunguka.

Kuanzia hapo binti ndiye aliyemfundisha mwongozaji. Kila raundi dadu moja ilirushwa kuonyesha upande gani wa tanuri umepasuka na kutoa moshi. Mtu lazima afike pale na udongo kabla ya raundi kuisha. Nyufa tatu zikiachwa, mkaa umepotea. Wakati huohuo mvua ilikuwa ikihesabiwa kwa maharage yanayotolewa bakulini, moja moja, kazi aliyopewa mdogo, naye aliifanya kwa ukali wa mwamuzi wa mpira. Kijana wa upanga alitumia upanga wake kukata majani ya kufunikia. Hakuna aliyepigwa hata kofi, na hilo ndilo pambano walilolizungumzia wiki nzima.

Neno la tahadhari hapa. Mchezo si mtego wa kuwatoa watoto siri zao. Mtoto aliyehamishwa nyumba baada ya msiba anaweza kusema kitu mezani kwa sababu anayesema ni mhusika, au asiseme kamwe, na yote mawili ni sawa. Mzazi anayeanza kupanga mapambano ili mtoto afunguke atagundulika siku ileile. Na kuhusu msitu wenyewe: mkaa umeula sana msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, hilo ni kweli, na marehemu yule alikuwa na watoto wa kulisha, nalo ni kweli. Pambano zuri huweza kubeba mambo hayo mawili kwa pamoja bila mwongozaji kutoa hukumu.

Sasa dadu. Wachezaji wa Ulaya na Marekani hutumia dadu za pande 20 ambazo dukani Kibaha huzipati. Za ludo mbili zinatosha, na kwa kazi hii ni bora. Dadu mbili zikirushwa pamoja zina njia 36 za kuanguka. Njia 6 hutoa 10 au zaidi. Njia 15 hutoa 7, 8 au 9. Njia 15 zilizobaki hutoa 6 au pungufu. Mchezo wa Apocalypse World wa Vincent Baker na Meguey Baker, uliotoka mwaka 2010, uliyapa makundi haya maana yake: la juu, umefanikiwa, la kati, umefanikiwa lakini kuna gharama au uchaguzi mgumu, la chini, mwongozaji analeta balaa. Utamu wote uko kwenye lile la kati. "Umempata fisi, lakini mkuki umevunjika." "Umevuka, lakini kamba imebaki ng'ambo ya pili."

Halafu mpe kila mtoto jambo moja ambalo mhusika wake analijua, na kwa jambo hilo aongeze 1 kwenye hesabu ya dadu. Inaonekana ndogo, lakini njia za kufanikiwa kabisa zinapanda kutoka 6 hadi 10, na za balaa zinashuka kutoka 15 hadi 10. Mpiga ngoma ataanza kutafuta ngoma badala ya kuazima upanga. Pambano linalotatuliwa kwa ngoma, dawa, mbio na upanga kwa pamoja haliwezi kutawaliwa na kaka mkubwa peke yake.

Kitabu cha wanaoanza cha Dungeons & Dragons cha mwaka 1981, kilichohaririwa na Tom Moldvay, kina kanuni mbili ambazo wachezaji wengi wa baadaye waliziacha, nazo ni dhahabu kwa nyumba yenye watoto. Ya kwanza ni ya mapokezi. Wasafiri wanapokutana na kiumbe ambacho mwongozaji hajaamua tabia yake, zinarushwa dadu mbili za pande sita. Ikija 2, kinashambulia papo hapo. Ikija 12, kinakuwa rafiki kwa furaha. Katikati, ambako matokeo mengi huangukia, kinasitasita, na maneno ya watoto yanaweza kukigeuza. Ya pili ni ya ujasiri. Kila kiumbe kina namba yake, na wenzake wakianza kuanguka, dadu zinarushwa. Zikizidi namba hiyo, wanakimbia au wanasalimu amri. Fisi wa kweli akiona mwenzake kaanguka hasubiri zamu yake.

Kitabu hicho kilikuwa na jambo jingine la kutazamwa na mzazi. Alama za kumpandisha mhusika zilitoka zaidi kwenye hazina iliyorudishwa salama kuliko kwenye idadi ya waliouawa. Watoto hufanya kile kinachohesabiwa. Ukihesabu maiti, watakuletea maiti. Hesabu mizigo iliyofika Bagamoyo ikiwa mizima, na utaona jinsi wanavyopunguza ghafla hamu ya kugombana na kila mnyama njiani.

Baada ya nia ya adui, kinachobadilisha pambano haraka ni mahali, na wakazi wa Pwani hawahitaji kubuni nchi ya kigeni. Mto Ruvu peke yake unatosha kwa mwezi mzima. Chora kingo mbili kwa chaki. Weka mtumbwi mmoja unaobeba wawili. Weka mamba ambaye kila raundi anasogea kizibo kimoja, na kila raundi ya pili futa mstari wa ukingo kwa kitambaa uuchore nyuma zaidi, maana ni masika na maji yanapanda. Wanyang'anyi wawili wakitokea nyuma, tayari hakuna anayesimama mahali pamoja akisema "nampiga". Kila mtoto anauliza maswali: nani anavuka kwanza, mbuzi tunamwacha, kamba inafika? Pambano hilohilo kwenye uwanja mtupu lingekuwa la dakika tano na la kusahaulika.

Pango ni tofauti na mto. Gizani hakuna anayejua adui ni wangapi, kwa hiyo mwongozaji haweki vizibo sakafuni kabisa. Anasimulia sauti tu. Anayewasha mwenge anaona, lakini popo wanaruka wote kwa mara moja. Reli ya Kati, kati ya Pugu na Soga, nayo ina pambano lake: behewa linakwenda, daraja linakuja, na kila raundi anayesimama juu ya paa ainame au aanguke.

Hesabu ya maadui huwakwaza wengi. Mzazi huleta joka moja kubwa akidhani litatisha, watoto wanne wanalipiga mara nne kabla halijapiga mara moja, na linakufa kama kuku. Tatizo si udogo wa joka. Tatizo ni zamu. Toleo la Dungeons & Dragons la mwaka 2014 liliwapa viumbe wakubwa wa namna hiyo nafasi ya kufanya kitu kidogo baada ya zamu ya mchezaji, na mbinu hiyo inafaa sebuleni: baada ya kila mtoto, joka linafanya jambo, mkia unafagia, moshi unatoka, jiwe la mlango linadondoka. Kinyume chake, nyani kumi na wawili wakirushiwa dadu mmoja mmoja, chai itapoa. Wafanye kundi moja lenye maharage kumi na mawili, linalosogea pamoja na kuiba pamoja.

Na kuna adui asiyepigika. Mtoto yeyote wa Kisarawe au Kibaha anajua kwamba siafu hawapigwi kwa panga. Wakiingia kambini usiku, upanga wa kidato cha kwanza ni bure. Kinachotakiwa ni majivu, moto, maji, na mtu wa kumbeba bibi aliyelala. Waongozaji wa nchi nyingine hulipia vitabu vizito kupata viumbe wa ajabu, wakati uani kuna jeshi linalotembea kwa mistari. Nyuki vilevile. Zimwi lenye vitendawili vilevile: linasema "Kitendawili", na kila jibu lililokosewa linalisogeza hatua moja karibu na mtoto mdogo kuliko wote. Hapo wenye maneno mengi wanapata siku yao.

Kuhusu mtoto mdogo anayeishiwa maharage: asikae pembeni. Kwa mtoto wa miaka saba nusu saa ya kukaa pembeni ni adhabu, na hajakosa kitu. Nyumba ile ya Kibaha ilipata dawa rahisi. Anayeishiwa maharage, mhusika wake anazimia au anatekwa, na yeye mwenyewe anakabidhiwa vizibo vya maadui na kuanza kuwaongoza. Mdogo alifurahia ufisi kiasi kwamba siku ya pili alijaribu kuishiwa makusudi. Baba akaweka sharti kwamba fisi naye lazima aseme anataka nini. "Nataka sambusa," alisema fisi, na pambano likaishia jikoni.

Kushindwa pia kuwe na sura nyingi. Kama kila kushindwa ni kifo, mwongozaji mwenye huruma ataanza kudanganya dadu, na watoto huliona hilo mapema. Afadhali washindwe kwa kutekwa, kwa kupoteza mzigo, kwa kufika wamechelewa ngoma imekwisha, kwa kudaiwa fadhila na mtu wasiyempenda. Kesho ina pa kuanzia.

Wazazi wengine watauliza kuhusu mazimwi na majini, na kama si kuwafundisha watoto ushirikina na fujo. Wasiwasi huo si mpya. Marekani katika miaka ya 1980 wazazi na viongozi wa dini waliushutumu mchezo huu hadharani, kwenye televisheni na makanisani. Mzazi anaijua nyumba yake. Nyumba isiyotaka jini mezani iweke wanyama, mito, wezi na mvua, na haitapungukiwa kitu, kwani mapambano mengi yaliyotajwa hapa hayana jini hata mmoja. Fujo nayo iko mikononi mwa mwongozaji. Mchezo wenye fisi wa kupigwa tu utazaa mazoea ya kupiga. Wenye fisi anayetaka kitu utamlazimisha mtoto amtazame fisi.

Kuna mpaka mmoja wa kuheshimiwa, lakini. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vilifika hadi Uzaramo, na mtu anaweza kushawishika kuviweka sakafuni kwa vizibo. Hao walikuwa watu, na wajukuu zao wengine wanasoma darasa moja na watoto wako. Vina nafasi yake ya kusimuliwa kwa utulivu. Dadu si mahali pake.

Maandalizi yasizidi ukurasa mmoja wa daftari, mchana kabla ya kucheza. Andika adui na anachotaka. Andika mahali na kitu kimoja kinachobadilika kila raundi. Andika njia mbili za kumaliza bila kuua, na nini kitatokea watoto wakishindwa. Tazama majina ya wahusika, ujihakikishie kila mmoja ana kitu cha kufanya. Asipokuwa nacho, ongeza mlango uliofungwa, mgonjwa, ngoma iliyotelekezwa, chochote cha fani yake. Dadu mbili toa kwenye ludo, na uzirudishe, kwa sababu kesho wataitafuta.

Kisha watoto watafanya jambo ambalo halimo kwenye ukurasa ule. Watataka kumfuga mamba, au kuwauzia wanyang'anyi mihogo. Usitafute kanuni. Mwulize anafanyaje, amua pamoja na wenzake balaa litakuwa nini likija, na umpe dadu.